Vunjajiwe za Al-Malqa

Madam alirudi kutoka milima ya Ulaya na picha nyingi za mawe. Juu ya kila jiwe palikuwa na mmea mdogo wenye maua meupe au ya waridi. Alinisimamisha kwenye njia ya gari, akapitisha kidole kwenye simu, picha baada ya picha, kisha akanionyesha kipande cha uwanja upande wa kaskazini wa jumba lake. Mlima ule aliutaka pale, Al-Malqa, Riyadh, mahali ambapo mwezi wa saba bomba la maji ya baridi huunguza mkono.

Mmea huo kwa Kiarabu huitwa kasir al-hajar. Kwenye daftari langu niliuandika "vunjajiwe". Shule niliiachia darasa la saba huko Lushoto, na yote niliyojua kuhusu mimea niliyasoma mwenyewe, usiku na mchana wa Ijumaa, katika vitabu vya Kiingereza na kamusi pembeni. Wakati huo nilikuwa mfanyakazi wa kampuni ndogo ya kutengeneza bustani iliyotuazima kwa madam, mimi na mwenzangu mmoja wa Mombasa. Tulilala chumba kimoja nyuma ya jumba. Yeye aliniita Mwalimu kwa sababu ya lile daftari, wala hakukusudia heshima.

"Mwalimu, haya maua yako yavunja mawe kweli?"

"Yanaota kwenye nyufa za mawe, ndiyo maana yakaitwa hivyo."

"Basi nitwangie kidogo ninywe. Nina jiwe la figo hapa lanitesa tangu Ramadhani."

Nilisoma wiki sita kabla ya kuagiza hata mche mmoja. Vunjajiwe ni nyingi mno, lakini kwa bustani ya mawe nilizigawa katika mafungu manne. Kuna za zulia, zenye majani laini yanayotambaa juu ya jiwe lenye unyevu. Hizo ndizo zilizojaa kwenye picha za madam, nazo hufa zikikosa ubaridi na unyevu. Kuna za kifundo, ngumu na ndogo kama ngumi ya mtoto, zinazotaka theluji wakati wa baridi. Kuna za chokaa, ambazo hutoa vidoa vyeupe vya chokaa pembezoni mwa majani, kana kwamba mtu amezinyunyizia chumvi. Mwisho kuna ya kamba, inayotupa nyuzi nyekundu, na kwenye ncha ya kila uzi mche mpya.

Nilimwambia madam tuchukue za chokaa na ya kamba tu.

"Na hizi nzuri?" Aliweka kidole juu ya picha ya zulia.

"Zitakufa, madam."

"Kila kitu kwako kitakufa. Agiza."

Niliagiza aina zote nne, nikaandika tarehe ya kila moja.

Mawe ya chokaa tuliyapata nje ya mji. Niliyatoboa kwa drili, mashimo ya kina cha kidole, yakiinamia kaskazini, nikapanda mche mmoja mmoja pamoja na kokoto na udongo kidogo sana. Maji ya bomba yana chumvi, kwa hiyo nilikinga maji yanayodondoka kwenye mabomba ya viyoyozi, ambayo hayana kitu ndani yake, nikamwagilia kwa hayo alfajiri. Kwenye uchochoro wa ukuta niliweka sahrawi, ile feni inayopuliza upepo kupitia nyasi kavu zilizoloweshwa. Katika hewa kavu ya Riyadh feni hiyo hupoza vizuri kuliko mtu anavyotegemea.

Za zulia zilikufa kabla ya mwezi wa sita. Za kifundo zilifuata zote katika wiki moja. Lakini mwezi wa tisa ulipokwisha, mawe kumi na tisa kati ya ishirini na sita yalikuwa na vunjajiwe za chokaa zilizo hai, na ya kamba ilikuwa imejaza kivuli chote chini ya kiyoyozi. Madam alileta wageni. Nilisimama pembeni na mkebe wa maji, na kwa mara ya kwanza katika nchi ile nilimsikia mtu akiniuliza swali kisha akinyamaza mpaka nimalize kujibu.

Siku ile ile madam alisema atanitoa kwenye kampuni. Nitakuwa chini ya mumewe, na kwenye ikama, kile kitambulisho cha ukaazi, kazi yangu itabadilishwa. Kampuni ilikuwa imeniandika "amil", kibarua. Sasa nitaandikwa "bustani".

Ndipo nilipokosea. Kwa Kiarabu bustani ni mtu, mtunza bustani. Nilitaka neno hilo. Nilikuwa na miaka arobaini na minne na hakuna karatasi yoyote duniani iliyowahi kusema mimi najua kitu. Niliweka sahihi siku hiyo hiyo, na kadi mpya ilipofika nilimwonyesha mwenzangu.

Aliisoma, akacheka mpaka akakaa kitandani. "Bustani! Si mtunza bustani, wewe ndiwe bustani yenyewe! Sasa utamwagiliwa saa ngapi?"

"Wivu huo."

"Wivu wa nini? Mimi amil, nimetosheka. Bustani haihami, Mwalimu."

Alisema hivyo kwa mzaha. Hakuna kati yetu aliyejua zaidi.

Mwaka uliofuata madam, ambaye sasa aliendesha gari mwenyewe na hakuacha kutukumbusha, alinipeleka Jeddah nipande mawe kama yale kwa dada yake. Nililala Al-Hindawiyah, kwenye chumba cha Watanzania wanane. Hewa ya Jeddah ina maji, sahrawi haifai kitu kule, kwa hiyo nilikwenda kwenye kitalu kimoja kutafuta mimea mingine ya kivuli. Mwenye kitalu, mzee wa Kihijazi, alinisikiliza nikimweleza mtumishi wake kwa nini miche yake inaoza shingoni. Aliniita ndani.

"Nani alikufundisha?"

"Nilijisomea."

Alinishika mkono akanizungusha kitalu kizima, akinijaribu kwa kila chungu. Mwishoni alisema anahitaji msimamizi. Ikama ingesema fundi wa kilimo, na kwa cheo hicho ningeweza kuomba mke wangu aje. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na saba, na kati ya hiyo tulikuwa tumeishi pamoja minne.

Siku zile habari ya sheria mpya ilikuwa kwenye kila simu. Mfanyakazi aliyetimiza mwaka angeweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ruhusa ya kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Niliporudi Riyadh nilikwenda Batha, kwa kijana wa ofisi ya kujazia fomu, nikampa ikama yangu. Aliandika namba kwenye kompyuta, akanigeuzia kadi na kuweka ukucha chini ya neno.

"Bustani. Mafi, hakuna."

"Mafi kwa nini? Sheria imetoka."

"Ya kampuni. Wewe wa nyumbani. Dereva wa nyumbani, mpishi, mchungaji, bustani, wote hawamo. Lazima kafili akubali." Kisha akauliza, kwa upole hata, "Zamani ulikuwa nani?"

"Amil wa kampuni."

"Amil angehama," alisema, akaita mtu wa nyuma yangu.

Nilimwomba madam jioni, mumewe akiwepo. Nilieleza kwa utaratibu, hatua kwa hatua, jinsi ninavyoeleza mambo yote. Hakukasirika. Alishangaa kweli.

"Uende Jeddah? Na maua yangu ataangalia nani? Wewe mwenyewe ulisema yatakufa."

Mumewe alisema halas, yamekwisha, akarudi kwenye simu yake.

Nilimpigia mzee wa Jeddah kumwambia sitaweza. Akauliza kama namjua mwingine. Mwenzangu alikuwa kitandani mbele yangu, anakata kucha. Nikampa simu. Alihamia Jeddah baada ya miezi miwili, bila kumwomba mtu. Alinikumbatia mlangoni, begi begani, akasema atanikumbuka.

Hakupita muda akanipigia. Mzee alitaka kuagiza vunjajiwe kwa ajili ya wateja wenye kivuli. "Aina gani, Mwalimu? Wewe ndiwe mjuzi."

Jibu nililijua: ya kamba, na ya kamba peke yake.

"Za zulia," nilisema. "Zinapenda unyevu, na Jeddah kuna unyevu."

Unyevu zinaupenda kweli, lakini wa baridi. Nilijua ule wa Jeddah utaziozesha kabla maua hayajachanua. Nilikata simu, na sikupiga tena kusahihisha. Nilikuwa na siku nyingi za kusahihisha. Nimezihesabu kwenye daftari: ishirini na tatu, mpaka miche ikafika.

Alipiga mwezi wa tano. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Zimeoza zote, ndugu yangu!" Alikuwa anacheka. "Mzee asema ni mapenzi ya Mungu, maua ya Wazungu hayo. Sasa amenipa waridi la jangwani, hilo halitaki hata mwalimu. Na mama watoto kapata viza, yuaja mwezi ujao. Nawe je, Bustani? Wahama lini?"

"Nipo," nilisema.

Ilikuwa alfajiri. Ndoo chini ya kiyoyozi ilikuwa imejaa.