Jiko Nililolinyamazia

Harufu ya mawele makavu hunitia haya. Juzi niliingia katika duka moja la Parklands linalouza vyakula vya mifugo, nikitafuta dawa ya viroboto ya paka wangu, nikamkuta mwenye duka akimimina mawele kutoka kwenye gunia. Vumbi lile jepesi, lenye harufu kama ya mkate ulioanikwa juani, lilinipanda puani nikasimama kama niliyesahau kilichonileta. Aliniuliza mara mbili, "Madam, nikusaidie na nini?" kabla sijamsikia. Nilikuwa mbali, katika sebule yetu ya zamani, nina miaka kumi, na nimekasirikia dunia nzima.

Tuliishi ghorofa ya tatu, mtaa huohuo wa Parklands. Mama alikuwa mshonaji, na baba alikuwa fundi wa lifti katika majengo marefu ya Upper Hill. Siku moja alikwenda Kitisuru kumtengenezea mzee mmoja geti la umeme, akarudi na kizimba kikubwa kuliko televisheni yetu. Mzee yule alikuwa anahamia ng'ambo na hakutaka kuwaacha ndege wake na mtu asiyewajali. Walikuwa kasuku wadogo wa kijivu waitwao kokateli, wenye mashavu ya rangi ya chungwa na kishungi cha manjano kichwani. Dume tulimwita Sajini kwa sababu kishungi chake kilisimama kila alipoona mgeni. Jike tulimwita Pendo.

Baba alinifundisha kuwatunza, mimi peke yangu, kwa maana mama alisema nyumba yake haikujengwa iwe kiota. Kubadilisha maji ilikuwa kazi yangu. Kupepeta makapi ya mawele ilikuwa kazi yangu. Na jioni baba alipovua viatu, tulikuwa tukikaa sote wawili mbele ya kizimba tukipiga mluzi, na Sajini akituitikia. Sijui kama nilimpenda ndege au nilipenda ile nusu saa. Nadhani ni ile nusu saa.

Jambo alilonikazania zaidi ni la stima. Kokateli huogopa sana giza la ghafla. Taa ikizimika huruka ovyo, wakajigonga kwenye nyaya mpaka wakatoa damu. Baba alinionyesha mara nyingi, akizima taa kwa makusudi na kuwasha tena. Kwanza, nisikimbie. Nianze kuongea, polepole, ili wajue kuna mtu wao. Kisha nifunike kizimba kwa leso pande tatu, upande mmoja niuache wazi, na tochi nielekeze ukutani, si machoni pao. Kukiwa na baridi, niongeze blanketi juu ya leso.

"Na jiko lisiingie ndani, Mwikali," alikuwa akisema, akinyoosha kidole chake cheusi kwa grisi. "Moshi ama makaa, yote ni sumu. Pafu la ndege ni jembamba kama uzi. Atakufa hata kabla wewe hujakohoa."

Niliyajua hayo yote kama sala ya chakula.

Ndinda alikuja mwezi wa Mei. Alikuwa binti ya shangazi yangu, dada mdogo wa baba; shangazi alikuwa mgonjwa, ameletwa kutoka Makueni akalazwa katika ile hospitali kubwa ya upande wa Upper Hill. Ndinda alikuwa na miaka tisa, miguu myembamba, na mfuko mmoja wa karatasi ndani yake nguo zake zote. Aliwekwa kitandani mwangu. Alipewa sweta langu la pili. Hayo niliyavumilia.

Nisichoweza kuvumilia kilitokea wiki ya pili. Ndinda alikuwa amekaa karibu na kizimba, kimya kama kawaida yake, kidole kimepenya kati ya nyaya. Sajini akamsogelea, akainamisha kichwa, akajiacha akunwe shingoni. Mwaka mzima nilikuwa nimemwomba Sajini hicho kitu kimoja, na mwaka mzima alikuwa akining'ata.

"Mama Mwikali, njoo uone!" baba akaita. "Amemwinamia! Huyu mtoto ana mkono!"

Na akacheka kicheko ambacho nilidhani ni changu.

Tangu hapo nilihesabu kila kitu. Chungwa lilimenywa la Ndinda kwanza. Baba alipoingia mlangoni alimshika kichwa Ndinda kabla hajanishika mimi. Jioni moja akasema, "Mwikali, hebu Ndinda naye abadilishe maji," nikasema sawa, nikaingia chooni nikalia na bomba likiwa wazi ili wasinisikie. Kile kiti cha mbele ya kizimba kilitutosha wawili tu, na baba alikuwa anaketi na yeye. Kwa kweli alikuwa akiniita. "Njoo, tubanane," alikuwa akisema. Lakini mwenye wivu habanani, mimi nilikuwa nakaa jikoni nikijifanya nafanya hesabu za shule.

Basi ikafika Julai, ile Julai ya Nairobi ambayo jua husahau kazi yake. Jumamosi moja mama alikwenda hospitalini na chupa ya uji na nguo safi za shangazi. Baba alikuwa kazini. Kabla ya kuondoka mama aliinjika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye jiko la makaa huko balkoni, akatuambia tuongeze maji kila yanapopungua, na asiwepo wa kufungulia mtu mlango.

Saa kumi na mbili na nusu hivi, kukasikika mlio mzito mtaani, kama pipa limeangushwa, na stima ikapotea. Sebule ikawa giza. Papo hapo kizimba kikalipuka. Mabawa yaligonga nyaya, kikombe cha maji kikaanguka, Pendo akipiga kelele ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nilifanya kila kitu sawasawa. Sikukimbia. Niliongea polepole, nikafunika leso pande tatu, nikachukua tochi nikaielekeza ukutani. Nilikuwa najivunia hata katika kile kiwewe, nikiwazia nitakavyomsimulia baba. Lakini ndege hawakutulia. Ndipo Ndinda akapiga magoti upande ule ulio wazi, akaanza kuwanong'oneza kwa Kikamba, maneno ya kumbembelezea mtoto mchanga, na mabawa yakanyamaza. Moja baada ya jingine, kama mtu anayefunga vitabu.

Ungekuwa wewe, ungeshukuru. Mimi nilitamani wangeendelea kujigonga.

Baridi ilizidi. Tulikaa pale, na baada ya muda Ndinda akamulika kizimba kwa pembeni. "Angalia, wamejikunyata. Wanasikia baridi hawa." Walikuwa wamefura manyoya kama mipira miwili. Blanketi lilikuwa kitandani, hatua kumi kutoka tulipokuwa. Sikulitaja.

"Kule kwetu vifaranga wakisikia baridi tunawawekea jiko," akasema. "Si tuwawekee?"

Sikujibu. Alikwenda balkoni, akaepua sufuria ya muthokoi, akalibeba jiko kwa kitambaa, mwanga mwekundu ukimpanda usoni. Aliliweka sakafuni, karibu kabisa na kizimba. Akafunga dirisha na mlango wa balkoni ili joto lisitoke. Kisha akanigeukia, na nakumbuka sauti yake ilikuwa na wasiwasi.

"Mwikali, iko sawa hivi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu lilihitajika.

"Wewe ndio unawajua," nikamwambia.

Nisiwadanganye kwamba nilikuwa mtoto asiyeelewa. Nilielewa vizuri. Nilitaka wapate shida kidogo, kikohozi tu, ili baba aingie akute ni jiko la Ndinda, na kile kiti kirudi kwangu. Katika akili yangu ya miaka kumi sumu ilikuwa kitu ambacho ungeweza kukipima kwa kijiko.

Sebule ikapata joto tamu. Ndinda akaegemea ukuta akaanza kusinzia. Kichwa changu kilianza kuuma kwa nyuma, nikadhani ni njaa. Nilipomulika kizimba, Sajini alikuwa amepanua mdomo na mkia wake unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Pendo hakuwa kwenye kijiti tena. Alikuwa chini, juu ya makapi, amekunja kucha.

"Toa jiko!" nikapiga kelele. "Ndinda, amka! Toa jiko nje!"

Hakuamka haraka. Nilimvuta mkono, nikampiga kofi, nikafungua mlango wa balkoni na kulisukuma jiko kwa mguu hadi nje, makaa mawili yakamwagika na kuunguza zulia. Ndinda alijikokota hadi balkoni akatapika. Nilikiburuta kizimba nyuma yake kwenye baridi. Sajini aliendelea kuhema. Pendo nilimtoa kwa mikono yangu. Alikuwa bado na joto, kichwa chake kikilegea huku na huku, na hapakuwa na lolote la kufanya.

Baba alifika saa mbili, mama akiwa bado hajarudi. Alikuwa amechelewa kwa sababu stima ilipopotea watu walikwama ndani ya lifti, ikabidi awatoe mmoja mmoja. Tulisikia viatu vyake kwenye ngazi, kisha mwanga wa simu yake ukapita juu ya zulia lililoungua, juu ya jiko, juu yetu. Alikipita kizimba bila kukitazama. Alitushika nyuso sote wawili, akatufunua macho kwa kidole gumba, akatulazimisha kuvuta hewa huku anahesabu. Ni baadaye sana, tulipokwisha kunywa maji, ndipo alipouliza.

"Nani aliingiza jiko?"

"Ni mimi, Anko," Ndinda akasema.

Baba akanigeukia. "Mwikali. Wewe unajua. Hukumwambia?"

"Nilimwambia," nikasema. "Akakataa."

Ndinda aliniangalia. Tochi ilikuwa ukutani, na mwanga wake ulitosha kumwona vizuri. Nilingoja aseme. Nilikuwa tayari nimeandaa machozi.

"Ni kweli, Anko," akasema. "Aliniambia. Nisamehe."

Baba hakumchapa, wala hakuinua sauti. Alimfunga Pendo ndani ya kitambaa, akatuambia tulale. Kesho yake kazi ya maji ikarudi kwangu, maana Ndinda hakukaribia tena kizimba. Kiti kikawa changu. Sajini hakupiga mluzi kwa wiki tatu, na baba akawa ananyamaza pamoja naye. Mwezi wa Agosti shangazi alipata nafuu, wakarudi Makueni, nami niliwapungia mkono nikiwa na furaha ambayo sasa naionea kichefuchefu.

Miaka mingi nilimwona Ndinda kuwa mjinga. Niliamini ningemshinda tu hata angesema ukweli. Kisha nikaenda chuo Nakuru, nikaishi miaka miwili kwa rafiki ya mama, mama mwema asiye na neno baya. Siku moja mtoto wake alivunja chupa ya chai akasema ni mimi. Nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Pole, Anti, iliniponyoka." Nilisimama pale na ufagio mkononi, mwanamke wa miaka kumi na tisa, nisijue kwa nini nimesema hivyo. Halafu nikamkumbuka Ndinda, nikajua.

Nilimpigia Ndinda jioni ileile. Nilimweleza yote: blanketi, jiko, uongo.

"Nilikuwa najua," akasema. "Ulipoambia Anko vile, nilijua ulikuwa unajua tangu mwanzo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema aje, Mwikali? Ilikuwa kwenu." Akavuta pumzi. "Ule usiku ulipolala nilipanga nguo zangu. Nikavaa na viatu, nikakaa mlangoni, nikingoja Anko aamke anirudishe. Na nyumbani hakukuwa na mtu. Mama ndio huyo alikuwa hospitali. Nilikuwa nafikiria nitafungua mlango na nini."

"Baba alikukuta?"

"Alinikuta saa kumi na moja. Hakuniuliza kitu. Alinivua viatu."