Mfuko wa Mgongoni

Hadi leo nikimkumbuka yule kangaruu wa kwenye televisheni, hasira hunipanda upya, na mnyama mwenyewe hana kosa.

Ilikuwa miaka ya themanini, Shella, Malindi. Televisheni tuliyoijua sisi ilikuwa moja tu, ya jirani, isiyo na rangi, na katuni zilianza jua likikaribia kuchwa. Walikuwapo panya mjanja, dubu mlafi, fisi mwenye njaa, na kangaruu jike aliyerukaruka na mwanawe ndani ya mfuko wa tumboni. Huyo nilimpenda kuliko wote. Mama yangu hakuwahi kumwona. Saa hizo yeye yuko kwenye cherehani au anatia udhu, na adhana ya Magharibi ikilia tu, mwenye televisheni huifunika kitambaa akatutoa nje.

Basi mwalimu wetu, mwanamke wa kutoka bara, akatunga mchezo wa wanyama hao kwa siku ya wazazi. Kangaruu nikawa mimi. Kila mzazi amshonee mwanawe vazi, akasema, na mama yangu alikuwa fundi wa makanzu anayesifiwa mtaa mzima. Nilirudi nyumbani nikitamba. Nikamweleza: masikio, mkia, na mfuko wa mtoto. Akashona vizuri mno, pindo juu ya pindo, pamoja na mtoto wa matambara. Mfuko akauweka mgongoni.

"Mama, mfuko hukaa mbele."

"Mtoto akae mbele?" Akacheka. "Mbele kuna moto, kuna mwiko, kuna kinu. Mtoto hubebwa mgongoni, mwanangu."

"Lakini huyu ni mnyama."

"Ndiyo asijue kulea?"

Nikamchorea kwa mkaa sakafuni. Akasema sijui kuchora. Nikamvuta mkono hadi kwa jirani ajionee mwenyewe, na jioni hiyohiyo katuni zikaondolewa ili mkubwa fulani ahutubu. Akahutubu mpaka adhana. Niliupiga mlango teke. Mama akarudi nyumbani ameridhika kabisa. Nikajaribu kulivaa vazi kinyume, mkia ukaja mbele. Na kuufumua mfuko ule sikuweza, kwa maana mshono wa mama yangu haufumuki kwa kucha za mtoto.

Siku ya wazazi mwalimu aliniona, akafyonya, akasema tumechelewa, twende hivyo hivyo. Sehemu yangu ilikuwa fupi: fisi aniulize mtoto yuko wapi, nami nimtoe mfukoni nimwonyeshe. Fisi akauliza. Nikapeleka mkono nyuma, haufiki. Nikapitisha juu ya bega, haufiki. Fisi akauliza tena, kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mimi ni kiziwi. Wanafunzi wakaanza kucheka, na mimi nikazunguka pale jukwaani nikiutafuta mgongo wangu mwenyewe.

Hapo mama akainuka kwenye viti vya wanawake, akapanda jukwaani na buibui lake.

"Inama," akaniambia.

Nikainama. Akamtoa yule mtoto wa matambara, akanipa mikononi, akaniweka mkia sawa, akarudi kuketi. Wanawake wenziwe walitikisa vichwa kwa kuridhika, maana ndivyo wanavyosaidiana kila siku kumpandisha na kumshusha mtoto. Mwalimu alijifunika uso kwa karatasi zake.

Njiani nilikuwa nalia kwa ghadhabu, naye ananifuta uso kwa ncha ya leso kama aliyeniokoa.

"Sasa huyo mnyama, huko kwao," akauliza, "nani humsaidia kumtoa mtoto?"

"Hasaidiwi na mtu, mama! Ndiyo maana mfuko uko mbele. Anamtoa mwenyewe."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akasimama, leso mkononi.

"Maskini," akasema. "Hana hata jirani?"

Na swali hilo liliniudhi kuliko vicheko vyote vya shuleni.