Soksi Kupitia Getini

Msimamizi wa ploti alituhakikishia kwenye simu, sisi tukiwa bado Uingereza tunafunga masanduku: "Nyumba iko fiti, siz. Nyinyi kujeni tu." Tukaja tu. Tulifika mtaa wa Umoja asubuhi, mume wangu na mimi, masanduku sita na macho mekundu ya safari, tukakuta hiyo nyumba iliyo fiti haina mlango wa choo, sinki imelala sakafuni, na ukuta wa sebule umepakwa rangi nusu, kana kwamba fundi aliitwa kula akasahau kurudi.

"Ni rangi tu imebaki," akasema yule bwana bila haya. "Jumatatu mnaingia."

Hakusema Jumatatu ya mwezi gani.

Basi tukaburuta masanduku hadi kwa mama yangu, njia ya pili tu kutoka hapo, na hapo ndipo tulipokumbuka jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angelikumbuka. Kwetu Ukambani mwanamume halali nyumba moja na mama mkwe wake. Hata mkono hawapeani. Mkwe akiingia kwa mlango wa mbele, mama anapotelea jikoni, na hiyo ndiyo heshima yenyewe, msinicheke. Nimelijua hilo tangu nikiwa mdogo. Lakini tulikaa ugenini miaka tisa tukipanga kurudi, orodha juu ya orodha, na hakuna aliyeuliza: nyumba isipokuwa tayari, huyu mwanamume atalala wapi?

Akalala mtaa wa Lucky Summer, kwenye kochi la binamu yake. Masanduku yakabaki kwa mama. Kila asubuhi simu: soksi ziko wapi, chaja iko wapi, lile shati la buluu uliliweka sanduku gani? Kisha anakuja mwenyewe mpaka getini, nami nampitishia soksi katikati ya vyuma, mama mboga wa ng'ambo ya barabara akitutazama bila kupepesa. Watu wa ndoa ya kanisani, tunanong'onezana getini kama wanafunzi wa sekondari. Wakati huo mama amejifungia jikoni, hatoki hadi mkwe aondoke, ila harufu ya kuku inatoka. "Mpelekee mkwe paja," anasema kupitia mlangoni. Mimi niliyeshuka kutoka ndege ile ile nilipewa shingo.

Nilikuwa na hofu moja, na niiseme wazi: mume wangu angerudi. Kule kazini walikubali kumshikia nafasi yake mwezi mmoja, huenda mambo yakamshinda. Mimi ndiye niliyetaka turudi nyumbani, kwa sababu ya mama na magoti yake. Kazi yangu kule ilikuwa kutunza wazee: kuwaogesha, kuwalaza, kuwafunika. Kila nilipomfunika mama wa mtu nilimwaza wangu, ananyanyuka kitandani peke yake akishika ukuta. Mume wangu alinifuata mimi tu. Na mtu anayelala kwenye kochi fupi ana muda mrefu wa kufikiri.

Kila siku nilipiga simu kwa msimamizi. "Fundi yuko njiani, siz." Fundi huyo alikuwa njiani wiki tatu. Kwa muda huo angefika Mombasa kwa miguu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mvua ilinyesha tangu mchana. Mume wangu akaja getini amelowa chapachapa, na safari hii hakuomba soksi.

"Kesho nampigia bosi," akasema. "Jumatatu wanampa mtu mwingine nafasi yangu."

"Kwa hiyo unaniacha."

"Sikuachi. Lakini kwenye lile kochi sirudi tena."

Nikageuka na kupayuka kuelekea dirisha la jikoni, nami sijawahi kumpayukia mama. "Mama, hii mila yenu itanivunjia ndoa, unasikia? Nimechoka!" Yenu, nilisema, kana kwamba mimi nilizaliwa kwingine.

Punde mama akatokea kwa mlango wa nyuma. Amejitanda leso, ana kikapu mkononi, ameligeuzia geti mgongo ili asionane na mkwe. "Mwambie aingie, atashikwa na homa," akasema.

"Na wewe unaenda wapi na mvua hii?"

"Kwa jirani, yule wa kanisani. Mimi nisipokuwamo, hii ni nyumba tu. Atalala."

"Mpaka lini?"

"Mpaka fundi wenu afike."

Akatokea uchochoro wa nyuma, polepole, akishika ukuta. Ningemzuia. Sikumzuia. Nilikuwa nimemkosa mume wangu, na nilifungua geti kabla mama hajafika kona.

Chumbani kwake nilikuta ametandika shuka nilizomletea zawadi, zikiwa bado na mikunjo ya dukani. Yeye mwenyewe hakuwa amezilalia hata mara moja. Tukalala fofofo.

Asubuhi nikasikia hodi. Mama alikuwa amesimama nje ya geti lake mwenyewe, na haingii, kwa sababu mkwe yumo. "Dawa zangu za presha, mwanangu. Nilizisahau dirishani. Na uniletee soksi, kule sakafu ni baridi."

Nikampitishia dawa katikati ya vyuma, kisha soksi. Mama mboga alikuwa pale pale.

"Mmelala vizuri?" mama akauliza.

Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli, na niliona aibu sijui nijifiche wapi.

Niliporudi ndani mume wangu alikuwa nyuma ya pazia. Alikuwa ameona yote. Simu yake ilikuwa mezani, hakuigusa. Alikuwa akivaa viatu. "Hapa Umoja rangi inauzwa wapi Jumapili?" akauliza.

Tulipaka ule ukuta wa sebule sisi wenyewe, vibaya sana, na unaonekana mpaka leo. Mlangoni mwa choo tulitundika kanga. Jioni tukahamisha masanduku yote sita, kisha nikaenda kumtoa mama kwa jirani, nikamlaza kitandani kwake, nikamfunika mpaka mabegani.

"Haya, nenda kwako," akasema. "Usimwache mkwe peke yake."

Nikakaa kidogo mpaka akasinzia.