Siku ya posa nilimtundika kiboko wa mbao ukuta wa kibla nyumbani kwa baba mkwe

Wakuu, habari za humu ndani. Leo naomba mnicheke taratibu. Ninayoyasema ni kweli tupu, na mke wangu yuko hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi sina nafasi.

Mimi ni seremala, nina banda langu Bungu, hapo hapo barabarani. Vitanda, milango, meza, kazi za kawaida tu.

Tatizo lilianza nilipopata scroll saw.

Kwa wasioijua, ni msumeno wa umeme wenye uwembe mwembamba unaopanda na kushuka kama sindano ya cherehani. Ubao unauzungusha kwa mkono, unakata kona yoyote unayotaka. Niliikuta Dar ya mtumba. Nikaanza kuangalia video za watu wanatengeneza sura za wanyama, wanakata vipande vidogo vya mbao, wanavipaka rangi na kuviunganisha mpaka mnyama anakutazama usoni.

Nikajiambia, fundi kama mimi kitanishinda nini hapo?

Wa kwanza alikuwa paka. Jirani yangu muuza chipsi akamwangalia kwa heshima zote, akaniuliza kama ile ni ramani ya Mafia.

Sikukata tamaa. Wakuu, ningekata tamaa pale pale ningejiokoa na mengi.

Wakati huo nilikuwa nimempenda Zuhura. Kwao ni Salale, kule delta kwenye mikoko, ila alikuwa Bungu kwa dada yake. Tukaelewana, nikaona nipeleke posa. Hofu yangu ilikuwa baba yake. Yule mzee analima mpunga na kuvua kamba, maneno yake machache, na alishamkataa mtu wa Kibiti kwa sababu "anacheka hovyo". Na mimi, kwa wanaonijua, nacheka hata msibani.

Nikamuuliza Zuhura baba yake anapenda nini. Akanisimulia habari ya ukoo wao.

Wakati wa Vita vya Maji Maji, babu wa baba yake alikuwa miongoni mwa waliopewa ile dawa ya maji, wakaambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hazikugeuka. Wenzake wakaanguka, yeye akakimbilia delta, akapanda mtumbwi. Askari wakamfuata na mtumbwi wao. Walipokaribia kumkamata, kiboko akaibuka katikati, akaupindua mtumbwi wa askari. Babu akaishi, ndiyo ukoo mzima upo leo. Mpaka sasa kwao kiboko haliwi wala hatukanwi.

Nikaona mambo si ndiyo haya sasa. Posa itakwenda na picha ya kiboko, mzee atalia machozi, mimi naondoka na mke.

Nikaingia mtandaoni kutafuta picha. Niliyoipenda ni ya kiboko ameachama, mdomo wazi mpaka kooni, meno yote nje. Mimi niliona anacheka. Wakuu, msinitazame hivyo. Sisi watu wa barabarani kiboko tunamjua kwa kusimuliwa, nikaona mnyama mwenye furaha anafaa kwa shughuli ya furaha.

Nikaichapisha picha kubwa, nikaigandisha juu ya ubao, nikaanza kukata. Mninga kwa ngozi, kwa vile haupindi kirahisi, na mbao nyeupe kwa meno. Umeme ukikatika katikati ya pua, uwembe unanasa na kuvunjika. Nilivunja nyembe mpaka muuza vifaa akawa ananipa pole kabla sijasalimia. Kila kipande nikakipiga msasa kikawa cha mviringo, nikapaka rangi ya zambarau iliyochanganyika na kijivu, ufizi wa waridi, macho nikayapiga vanishi yakawa yanang'aa kama yana machozi. Nikagandisha vyote juu ya plaiwudi.

Safari hii hakuna aliyeniuliza ramani. Muuza chipsi alipiga hatua nyuma. Nikachukulia kuwa ni sifa.

Sasa kwa desturi muoaji haendi kwenye posa yake mwenyewe, wanakwenda wazee. Lakini mimi ningemwachia nani kiboko wangu kwenye boti? Baba yangu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga, akakubali niende kama mbeba mzigo, kwa sharti nisifungue mdomo. Tukapanda boti Nyamisati, kiboko nimemfunga shuka, nimempakata kama mtoto mgonjwa.

Tulipofika tukakaribishwa sebuleni. Mzee alikuwa nje anatia udhu, alasiri imeingia. Nikaona hapa nimfanyie surprise. Nikatafuta pa kumtundika. Kuta zote zina vitu, saa, kalenda, kabati. Ukuta wa kaskazini tu ndio mtupu, msafi, kama ulikuwa unamsubiri yeye. Na msumari upo, umetundikwa tasbihi. Nikaiweka tasbihi kwenye kabati, nikamtundika kiboko.

Muislamu mimi. Nimesoma madrasa mpaka nikahitimu. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini ukuta wa kaskazini wameuacha mtupu.

Mzee akaingia, akatandika mswala, akainua macho. Nikamwona anamtazama kiboko, kisha akanuia. Nafikiri aliona wakati unakwenda, na mgeni hafukuzwi. Sisi tukapanga safu nyuma yake.

Wakuu, nimeswali sehemu nyingi, sijawahi kuswali nimeelekea kwenye koo la kiboko. Kila mzee akiinuka kutoka kwenye rukuu anakutana na meno. Baba mdogo akaanza kutetemeka mabega. Nikamsikia anabana pumzi. Halafu akaachia kicheko, swala yake ikaharibika, akatoka nje ameshika mdomo. Mimi nikajing'ata ulimi mpaka nikaonja damu.

Mzee akaimaliza swala yake kwa utulivu wote. Akatoa salamu kulia na kushoto, akaomba dua. Mama Zuhura akaingia na kanga, akamfunika kiboko.

Ndipo mzee akageuka, akanitazama mimi, mbeba mzigo. Nadhani alishanijua toka mlangoni.

"Mwanangu, kazi ya mkono nimeiona, mkono unao," akasema. "Lakini mdomo huu waliuona askari. Babu yetu aliuona mgongo. Sasa wewe umetuletea nyumbani alichokiona adui, ukatuelekeza tukisujudie."

Nilitamani mikoko inimeze. Posa ikapokelewa kwa adabu, tukaambiwa majibu tutaletewa. Na mnyama tukaambiwa turudi naye. Kwenye boti baba mdogo alicheka mpaka Nyamisati, na mimi safari hii sikucheka. Nilikuwa najua nimempoteza Zuhura kwa sababu ya picha niliyoipenda mwenyewe.

Majibu yakawa kimya. Mpunga ukaanza kutoa masuke, kimya. Zuhura akaitwa kwao kusaidia kuamia shamba, kufukuza ndege na wanyama, nikaona ndiyo basi tena. Mashine nikaifunika turubai, sikutaka hata kuiona.

Siku moja simu ikaja kwa mshenga. Mzee anasema kijana aje, aje na kiboko wake, aje na nyundo.

Nilienda peke yangu. Mzee akanipeleka moja kwa moja shambani, kwenye dungu lao, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga. Tumbili na nguruwe walikuwa wamewachosha. Akaniambia nimpigilie kiboko pale juu mbele, uso uelekee mikokoni. Nikapigilia. Tumbili wawili waliokuwa kwenye tuta wakatazama, wakarudi mitini.

Kisha mzee akanivuta tukakae nyuma ya kiboko, ndani ya dungu. Tukawa tunaangalia plaiwudi tupu yenye matone ya gundi.

"Sasa yuko sawa," akasema. "Wezi wanaona meno, sisi tunaona mgongo."

Halafu akasema, bila kunitazama, habari za mahari nikamtume baba yangu mdogo aje kuzungumza, ila asije wakati wa swala.

Nilicheka hovyo. Na yeye akacheka.

Basi ndiyo ndoa yangu hiyo. Yale macho niliyoyapiga vanishi kwa mapenzi yangu yote wanayafaidi tumbili, tena wameshamzoea, mmoja amemng'oa jino. Wakwe zangu kila msimu wanakaa na kula nyuma ya kazi yangu bora kuliko zote, na wanaangalia gundi.

Nilichojifunza: ukitaka kumpa mtu zawadi ya kumbukumbu yake, muulize kwanza yeye alikuwa amesimama wapi. Na ukiona ukuta mtupu kwa mkweo, jiulize kibla kiko upande gani.

Haya, uwanja ni wenu. Mliowahi kujiharibia kwenye posa njooni mseme, nisiwe peke yangu. Na kama kuna ukoo humu umewahi kuokolewa na mnyama, fundi nipo, ila mniambie mapema mlimwona upande gani.