Vanishi ya Mabenchi ya Wakutubi

Jamani, nina aibu yangu moja ambayo mke wangu akianza kuwasimulia wageni, mimi hutoka nje nikaangalie kama kuku wamefungiwa. Leo hayupo, basi afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwake ikiwa imetiwa chumvi.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, nami nilikuwa mkutubi wa hospitali moja hapa Mwanza, yaani nilikuwa na chumba kimoja, makabati ya vitabu vya udaktari na mende (mende wale hawakusoma, walikula). Tukakubaliana na wakutubi wenzangu wa hospitali za kuzunguka ziwa, wa Bukoba, Musoma na Kisumu, tuanzishe chama, tuwe tunaazimana vitabu kwa meli badala ya kila mtu kulia peke yake, na mkutano wa kwanza ukawa chumbani kwangu. Hapo ndipo tungechagua mji wa makao makuu, Mwanza au Bukoba. Sasa mganga mkuu wangu alishaniambia waziwazi kwamba makao yakienda kwingine, chumba kile anakigeuza stoo ya bandeji. Mnaona nilivyokuwa nimebanwa.

Siku moja kabla, nikayapaka majalada ya vitabu vanishi, maana ndiyo dawa yetu wakutubi dhidi ya mende. Vanishi ikabaki. Mwenye akili angefunga kopo akaenda kula. Mimi nikayatazama mabenchi yaliyochakaa, nikajisemea wageni wa Kisumu wasije wakatuona washamba, nikayapaka yote, nikarudia tena. Seremala mmoja wa Mabatini alishaniambia vanishi hukauka kwa siku moja, ila si wakati wa masika kama ule (hilo la masika alinieleza baadaye).

Asubuhi nikagusa benchi kwa kidole, pembeni, nikaona pako sawa. Wageni wakaketi, nami nikaketi, maneno yakawa mengi, joto likapanda, na nilipojaribu kujisogeza nikahisi suruali haitaki kunifuata. Mwenyekiti wa siku hiyo, mzee wa Musoma aliyepewa kiti cha mganga mkuu, akasema wanaotaka makao yawe Bukoba wasimame. Nikamwona Mama Koku, mkutubi wa Bukoba, anajivuta, anatulia, anajivuta tena, kisha anatazama dirishani kama mtu aliyeghairi. Wengine nao hawakusimama, kila mmoja akidhani benchi limemnasa yeye peke yake. Mzee akatangaza kuwa Mwanza imepita bila kupingwa.

Nami nilijua kinachoendelea, nikanyamaza, tena nikatabasamu. Mganga mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, kwa furaha akaniita mbele nitoe shukrani. Nikamwambia nitashukuru nikiwa nimekaa.

“Simama bwana, wageni wakuone.”

Nikasimama. Kaki ilichanika kwa sauti iliyofika wodini, na sehemu ya nyuma ya suruali yangu ikabaki kwenye benchi. Watu walicheka mpaka mzee wa Musoma akavua miwani afute machozi. Mama Koku, akiwa bado amenaswa pale pale, akavua khanga aliyojitanda mabegani, akanirushia.

“Jisitiri kwanza, mwanangu. Halafu tupige kura upya kwa mikono, maana mikono yetu haijanata.”

Nikajifunga ile khanga, na nyuma yangu imeandikwa *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Nikaungama yote, ya mende, ya kopo, hata ya stoo ya bandeji, mganga mkuu akisikiliza huku anatazama viatu vyake. Nilijua chumba kimekwenda, na niliumia kweli. Mzee akauliza ni nani anataka Mwanza. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa Mama Koku.

“Bukoba tuna chumba tayari,” akasema. “Huyu akinyang'anywa chake atapaka vanishi hadi wagonjwa.”

Makao yakabaki Mwanza, na chama kikaendelea kupiga kura kwa kunyoosha mikono, vijana waliokuja baadaye wakidhani utaratibu huo umetoka ng'ambo. Mimi brashi sijaishika tena, wala sitaishika. Na popote niendapo, kanisani, msibani, hata ukweni, sikai kabla ya kupapasa benchi kwa kiganja. Watu hudhani nafuta vumbi.