Nilimwandika Kaka Yangu Marehemu Angali Hai

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nilimuua kaka yangu kwenye karatasi, na hadi leo yeye ndiye anayenifariji!

Kwanza ujue mimi ni nani, usije ukadhani haya yalifanywa na mtu ambaye hakusoma. Nina diploma ya teknolojia ya habari. Nilifanya kazi nchi za Ghuba miaka saba, nikarudi na akiba yangu, nikafungua saiba, duka la intaneti, hapa Kitale. Kompyuta sita, printa mbili. Sikubebwa na mtu! Watoto wa Trans-Nzoia na Bungoma wanaotafuta vyuo na ufadhili walipanga foleni kwangu, kwa sababu ilijulikana kwamba fomu niliyoijaza mimi hairudishwi.

Hicho kiburi ndicho kilichoniponza.

Mwaka jana binti wa kaka yangu, nimwite Nekesa, aliitwa chuo kikuu kusomea uuguzi. Kwao ni Naitiri. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado shule ya msingi, na kaka amemlea kwa shamba dogo la mahindi na vibarua vya hapa na pale. Mkopo wa serikali haungetosha. Kulikuwa na shirika linalosomesha watoto wa maskini, nikamwambia aje tujaze fomu yao.

Tukafika mahali pa wazazi. Baba: hai au marehemu?

"Hai," akasema Nekesa.

Nikacheka. "Waliofiwa na mzazi mmoja ni wengi kama siafu. Anayechukuliwa ni yatima kamili."

"Lakini baba mdogo, Papa yuko. Nimemwacha akipalilia."

"Si ni karatasi tu, bana! Kwani nani atamzika? Ama unataka kuzeekea Naitiri ukiuza nyanya?"

Akanyamaza. Nami nikachukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

Kwenye kompyuta nilikuwa na nakala ya cheti cha kifo cha baba yetu mzazi. Nikabadilisha jina, nikabadilisha tarehe. Kazi ya dakika kumi! Mahali pa mlezi nikajiandika mimi. Hata nikajisifu, "Unaona kazi ya mtu aliyesoma?" Nikamkanya asimwambie baba yake.

Ole wangu! Sikujua kwamba watu wa shirika hilo hutembelea boma kabla ya kutoa ufadhili.

Siku moja wakaingia kwangu bila taarifa, mama mmoja na dereva wake. "Wewe ndiye mlezi wa Nekesa? Twende utuonyeshe nyumbani." Njia nzima nilimtumia kaka ujumbe kwa kificho. Hakujibu. Kumbe simu yake ilikuwa dukani ikichajiwa.

Tulimkuta shambani karibu na nyumba, jembe mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Nekesa alikuwa anaanika nguo. Aliponiona na wageni, akasimama tu.

"Na huyu mzee ni nani?" yule mama akauliza.

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Ni kibarua, madam."

Kaka akanitazama. Akamtazama binti yake. Akatazama faili kwenye mkono wa yule mama. Sijui alielewaje, lakini alielewa. Akavua kofia.

"Ndiyo, madam. Mimi napalilia tu. Mwenye boma alituacha."

"Pole. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Kaka akainama. "Alijaribu, madam."

Nekesa akaangusha beseni. "Papa, wacha! Wacha kusema hivyo!" Akamkimbilia, akamshika shati, akalia kama siku ya kumzika mama yake.

Yule mama hakupaza sauti. Afadhali angenitukana! Alifunga faili, akaniambia, "Tulikuwa tumeshamchukua. Hata mngeandika ukweli, mtoto aliyefiwa na mama, baba kibarua, alama nzuri, ungetosha. Tulikuja kuthibitisha tu. Sasa sheria yetu hainiruhusu kumpokea, leo wala mwaka ujao."

Ungetosha! Ukweli wenyewe ulitosha, nami nikaupaka uongo ili niitwe stadi.

Nekesa hakwenda chuo. Anachambua mahindi kwenye stoo hapa Kitale, si mbali na saiba yangu, na akiniona huvuka barabara. Habari zikasambaa, na kijijini kaka amebandikwa jina la Marehemu. "Marehemu, umefufuka saa ngapi?" wanamuuliza sokoni. Mwanzoni alicheka nao. Siku hizi anamtuma jirani amnunulie chumvi.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Akanisogezea kiti.

"Ndugu yangu, ulikosa, lakini ulitaka mtoto asome. Hiyo nimeiacha," akasema. "Mimi kinachonimaliza ni Nekesa. Ameniuliza swali moja tu: Papa, mbona ulikubali haraka hivyo?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini? Mimi nilifikiri namsaidia. Yeye alisikia nikimkana."



Wewe unayewajazia watoto fomu, usikie. Wewe mwalimu unayeandika barua, wewe mzazi unayeambiwa ujifiche siku ya wageni, usikie. Umaskini wa mtu uandike ulivyo, usiuongezee hata nukta. Kila uongo unaoweka pale utamlazimu mtu fulani ausimamie kwa mdomo wake, na mtu huyo hatakuwa wewe.

Vyuo hufunguliwa kila mwaka, pengine Nekesa atapata njia nyingine. Lakini mtoto aliyemsikia baba yake akisema mbele ya wageni kwamba si baba yake, hilo nimelitafutia dawa na diploma yangu yote, sijaipata.