Jozi Ambazo Hazikuachana

Dada yangu hatulii. Hata chai anainywa akizunguka meza. Kazi yake ni hesabu za seli za kinga: moja inapoishika nyingine ili kuipasha habari ya ugonjwa, zinashikana muda gani kabla ya kuachiana? Wenzake wanarekodi video kwa hadubini, yeye anazigeuza kuwa milinganyo. Mimi hesabu zilinishinda zamani, wala sijutii.

Wiki ile alikosa raha kabisa. Fundi wa maabara, tunayemwita Baba Chupa, alikuwa amekuza seli za aina mpya, anazilea hata sikukuu. Hesabu za dada zikasema hazina mshiko: zinagusana tu na kuachiana, habari haijafika. Mkuu wao akaamua zitupwe kesho yake asubuhi, zipishe nyingine kwenye kabati la joto.

"Si umeshamaliza? Sasa nini tena?" nikamuuliza asubuhi ya kutupwa, tukiwa nyumbani.

"Sijui. Kuna kitu hakijakaa sawa."

Akafungua video moja. Seli mbili zikang'ang'aniana, zikang'ang'aniana, mpaka video ikaisha hazijaachana. Nikamwona rangi imemshuka.

"Hizi niliziondoa," akasema. "Sikuona mwisho wake, nikakosa idadi ya dakika za kuandika. Nimeondoa zote za namna hii."

Hata mimi mbumbumbu nilielewa. Alikuwa amezifuta zenye mshiko kuliko zote, akabaki kuzipima zile legelege.

Akampigia Baba Chupa simu, wapi! Kwenye chumba cha seli simu huachwa mlangoni. Basi akachomoka na kandambili zake za ndani, mimi nyuma yake nahema na kumlaani, ingawa nilikuwa na woga kuliko hasira.

Tulimkuta Baba Chupa kwenye sinki, anasuuza chupa. Chumba kizima kilinuka dawa ya kuulia seli.

"Kaka, usizitupe. Nimekosea mimi."

Alifunga bomba kwanza. "Nilikuja mapema nikazimaliza," akasema. "Nikisubiri, najijua, ningezionea huruma."

Nilitamani dada anitume kitu chochote, nitoke pale.

"Kwa hiyo zilikuwa zinashika?" fundi akauliza.

"Zilikuwa zinashika sana."

Akatabasamu kama mzazi aliyesifiwa mwanawe. Kisha akatugeuzia mgongo, mabega yakaanza kutikisika.